Picha Sabini na Tano Ambazo Hazikupigwa

Nyambura mwanangu,

Sweta zimo chini kabisa ya begi, na hayo ndiyo maelezo ya pekee utakayopata kwangu kuhusu baridi, chakula au majirani wapya. Una miaka ishirini na minne. Ni Jumamosi alasiri. Wewe uko Gakindu kumuaga shosho wako, mama mzazi wa baba yako, na utalala huko. Kesho asubuhi, kama tulivyopatana jana kwa sentensi tatu kavu, nitakuletea begi hili stendi ya Nyeri, kwa kuwa mimi Gakindu siendi tena. Utapanda gari la Eldoret kwenda kuanza kazi yako mpya, nami nitarudi hapa Naro Moru. Sikutaka tuagane hivyo, kama watu wanaokabidhiana mzigo. Ndiyo maana nimeketi kuandika.

Nina hasira nawe. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu, na mara mbili nimeikata, maana aliyefundisha hisabati miaka ishirini na sita huzoea kukagua jibu kabla ya kulipigia mstari. Nimekagua. Hasira ipo. Nisicho na hakika nacho ni sehemu gani ya hasira hii ni yako kwa haki, na sehemu gani nimekutwika kwa sababu tu wewe ndiwe uliyekuwa karibu.

Baba yako alipofariki, siku ya kwanza ya mipango pale uani kwa shosho, baada ya kugawana kazi za hema, sufuria na gari la kubeba jeneza, tata yako Wangeci, dada wa baba yako, alikugeukia akasema, "Na wewe si uko na kamera? Hatuwezi tafuta mtu wa nje na mtoto wa nyumba ako hapa." Watu wakaitikia. Mmoja akaongeza, akidhani anakuliwaza, "Ututolee kitu safi, kama ile harusi ya Kutus." Mimi nilikuwa nimeketi hatua mbili kutoka kwako. Nilikuona ukinitazama. Nilijua unangoja niseme: huyu ni mtoto wa marehemu, atakaa nami. Sikusema. Nilikuwa nimechoka, na nikajiambia kwamba kazi ingekusaidia kubeba msiba. Tazama jinsi mtu aliyesoma anavyoweza kuupamba woga wake ukafanana na busara.

Basi ukamzika baba yako ukiwa umefumba jicho moja. Wengine walichota udongo wakautupa. Wewe ulirekodi waliotupa. Mkono wako haukuguswa na hata punje moja ya udongo ule. Jambo hilo sikuliona siku ile. Nililiona miezi baadaye, na nitalirudia.

Ulikuwa na kamera mbili. Ya mkononi ndiyo uliyoitegemea kwa mwendo wa polepole, ule ambao wateja wako wote wa Kerugoya na Karatina huuomba kwanza. Siri yake ulinieleza zamani, tukiwa jikoni. Video ya kawaida hupiga picha ishirini na tano kila sekunde. Ukipiga mia moja ndani ya sekunde hiyo hiyo, kisha ukazionyesha kwa mwendo wa ishirini na tano, sekunde moja inakuwa nne, na hakuna kilichoongezwa. Shela ya bibi harusi inaelea, punje za mchele zinaning'inia hewani. Upole ule wote ulikuwa umo tayari ndani ya sekunde. Kamera imeukunjua tu. Nilikipenda kipande hicho cha maarifa kiasi kwamba nilikipeleka darasani.

Kamera ya pili uliisimamisha kwenye miguu yake mitatu kando ya kaburi, ikipiga kwa mwendo wa kawaida. Na mchungaji alipomwita mjane atangulie kutupa udongo, kamera yako ya mkononi ilizimika. Betri ilikuwa imekwisha. Hukuibadilisha mapema kwa sababu ulikuwa unalia, jambo ambalo hakuna aliyeligundua, kwani nani humtazama mpiga picha?

Wiki chache baadaye ulituma video kwenye kundi la ukoo. Ilikuwa nzuri. Kisha zikafika zile sekunde nne: mimi, mvua nyembamba, mwavuli wa mchungaji ukipita, udongo ukiachana na vidole vyangu, na pembe ya mdomo wangu ikipanda juu taratibu, taratibu, hadi ikawa tabasamu. Nilipoiona mara ya kwanza nilimwogopa mwanamke yule. Alikuwa mtulivu mno. Alionekana kama mtu aliyeingoja siku hiyo.

Tuliitwa Gakindu. Unakumbuka tulivyoketi, simu ilikuwa mkononi mwako.

"Tunauliza tu, hatugombani," Wangeci alianza. "Mama Nyambura, hapa ulikuwa unacheka nini?"

"Labda ni jua lilimpiga kwa macho," mtu mmoja akanitetea.

"Jua gani na watu wako na miavuli? Ama pasta alikuwa amebeba mwavuli ya urembo?"

Walicheka, Nyambura. Wakiwa hatua thelathini kutoka kaburini mwa baba yako, walicheka, na aliyeshtakiwa kwa kucheka ni mimi.

Shosho wako hakucheka. Alisema, "Rudisha." Ukarudisha. "Rudisha tena." Mara tatu. Kisha akakiweka chini kikombe cha chai nilichokuwa nimemmiminia kwa mkono wangu, hajakinywa, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja. Hilo tu. Wewe ulipewa jina lake, na tangu siku uliyozaliwa alikuwa akiniita Maitu, mama yangu, kwa kuwa kwa desturi yetu nilikuwa nimemzaa yeye upya. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameniita hivyo, kwa mzaha na kwa dhati. Siku ile, tulipokuwa tukiondoka, alisema, "Safiri salama, Mwalimu." Tangu hapo sijakanyaga kwake.

Na wewe ulikuwa umeketi kando ya binamu yako, ambaye harusi yake ulikuwa umeahidiwa kuirekodi. Hukutamka neno.

Siku nne baadaye tulikuwa tukiosha vyombo. Nilikuwa nimepiga hesabu tayari. Nilitaka kuisikia kinywani mwako.

"Ile sekunde yangu ilitoka kwa kamera gani?"

"Ya miguu mitatu."

"Hiyo ilikuwa inapiga ishirini na tano."

"Eeh."

"Na kwenye video imekaa sekunde nne. Nne mara ishirini na tano ni mia moja. Sabini na tano zimetoka wapi?"

Ukaendelea kusugua sufuria iliyokuwa safi. "Programu inajaza, Mami. Inaangalia hii picha na ile inafuata, halafu inakisia ya katikati."

"Inakisia."

"Kila mtu hufanya hivyo. Na hakuna mtu hujua."

"Na mdomo wangu?"

"Mwavuli ulipita mbele ya uso yako. Programu ikachanganyikiwa, ikavuta mdomo ikifuata ukingo wa mwavuli. Niliona nikiwa nishatuma."

"Kwa hivyo siku ya kikao ulikuwa unajua."

Sufuria ile uliisugua mpaka nikakunyang'anya.

Hapo ndipo ilipozaliwa hasira hii ambayo imekaa nasi mezani miezi mitano. Kosa la mashine nalielewa. Hata kwamba uliwapa watu kisio ukiwaambia ni picha, nalielewa kwa shida. Nisiloweza kulimeza ni kwamba uliketi pale ukiwa na namba mkononi, namba sahili ambayo mtoto wa darasa la nne angeielewa, ukaiacha ikae kimya kwa sababu kuitamka kungemwonyesha binamu yako kwamba mwendo wako wa polepole wakati mwingine ni wa kughushi. Uliokoa jina la kazi yako. Langu uliliacha pale sakafuni pamoja na kikombe.

Utauliza kwa nini sikuisema mwenyewe. Nimejiuliza. Mjane anayejitetea kwa kuzidisha na kutoa ni kichekesho. Na neno la mshtakiwa halina uzito wa neno la shahidi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ni kiburi. Nilitaka uje mwenyewe, nami nikakusubiri kama mwalimu anayesimama mbele ya darasa akingoja mwenye kosa ainuke. Sina hakika kwamba kusubiri kwa namna hiyo si ukatili.

Siku hiyo hiyo ya sufuria nilikuuliza swali moja zaidi, na jibu lake nimelikasirikia kuliko mengine yote. Nilikuuliza, kama picha zilikuwa chache, kwa nini uliipunguza mwendo sekunde ile? Ungeiacha tu ipite. Ukasema, "Nilitaka kukaa hapo kidogo. Ile siku sikukaa."

Niliondoka jikoni. Ulidhani nimekudharau. Ukweli ni kwamba nililisikia jina langu ndani ya jibu lako. Ni mimi niliyekuacha nyuma ya kamera. Kama ningesema sentensi moja siku ile ya mipango, ungesimama kando yangu, ungetupa udongo wako, na usingehitaji mashine ikutengenezee sekunde tatu za kukaa na baba yako.

Baadaye uliniletea zile picha ishirini na tano halisi, ukazipitisha moja moja kwa kubonyeza. Katika picha tisa mwavuli umenifunika mdomo. Katika zilizobaki hakuna tabasamu. Nilipaswa kushangilia. Lakini nilitazama uso ule kwa muda mrefu, na sasa nitakuambia nilichokiona, maana nawe ulikiona ukaogopa kuuliza.

Yule mwanamke amekasirika. Hatupi udongo, anaurusha. Siku moja kabla ya mazishi, nikimtafutia baba yako tai, nilikuta ndani ya koti lake la mlimani karatasi ya daktari. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Ilisema moyo wake haufai tena kupanda. Alikuwa ameiweka kifuani miezi mingi, akiendelea na kazi yake ya kuwapandisha wageni Mlima Kenya, akirudi nyumbani akilalamikia magoti. Magoti, Nyambura! Aliteremka mara ya mwisho akaenda moja kwa moja hospitalini, na siku ya pili akatuacha. Kwa hiyo pale kaburini sikuwa nikimuaga. Nilikuwa nikigombana naye, na udongo ndio uliokuwa karibu.

Kwa hiyo mashine ilidanganya kuhusu tabasamu, lakini siwezi kuapa kwamba uso wangu ulikuwa wa mjane waliyemtarajia. Huenda waliona ufa, wakakosea tu kilichomo ndani yake. Jambo hili limenisumbua kuliko uongo wenyewe.

Na sasa deni langu kwako, ambalo si dogo kuliko lako kwangu.

Ulipokuwa kidato cha tatu, siku ya shule, nilikuona Nanyuki kando ya barabara ukizungumza na mwanamume mwenye pikipiki. Nilikuwa ndani ya gari la shule, sikushuka. Siku mbili baadaye nikakuta kamera ndani ya sanduku lako. Nilikuwa na picha mbili tu. Kilichokuwa katikati nilikijaza mwenyewe, na nilikijaza kwa uchafu. Nilikuambia maneno ambayo sitayaandika hapa, unayakumbuka. Kamera nikaifungia kwenye kabati la maabara ya shule hadi ulipomaliza mitihani. Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa, akakifunga.

Ni juzijuzi tu, tukiandaa vitu vyako, uliposema kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Ile kamera ya kwanza baba alibadilisha na viatu vyake vya mlima. Yule jamaa wa pikipiki ndiye alikuwa ameleta." Nikakuuliza kwa nini hamkuniambia. "Wewe ulikuwa ushajua kila kitu, Mami."

Nisamehe. Neno hilo nilipaswa kulitamka pale pale, nikiwa na sweta yako mkononi. Badala yake nilikuuliza kama umepakia soksi. Na nikiendelea kukagua hesabu hii naona kwamba baba yako aliyekunja karatasi ya daktari mara nne na msichana aliyenyamaza kikaoni huenda walijifunza ukimya mahali pamoja, mbele ya mwanamke aliyekuwa ameshajua kila kitu. Simaanishi kwamba makosa yenu ni yangu. Namaanisha kwamba sijui mstari wa kuyatenganisha upite wapi.

Huko Eldoret utarekodi miguu ya wakimbiaji. Kocha ataketi kando yako aulize: kisigino kiligusa chini kwanza, au vidole? Kijana mzima atabadilishiwa mbio zake kwa jibu lako. Siku moja mwanga utakuwa hafifu, au betri itakuwa imekwisha, nawe utakuwa na picha ishirini na tano pale ambapo mia moja zinahitajika, na programu itakuwa tayari kukujazia. Mwambie kocha unazo ishirini na tano. Aghadhibike. Akufukuze, ikibidi.

Ningependa kuishia hapo, lakini siamini kwamba ni rahisi hivyo. Hata ukipiga mia moja, kati ya picha na picha kuna nafasi isiyoonekana. Na mtu hawezi kuishi bila kujaza. Mimi humjaza baba yako kila asubuhi, namweka pale kwenye kiti akifunga viatu. Labda tunachoweza ni kukumbuka tu zipi tulizipiga na zipi tulizikisia. Labda hata hilo ni gumu. Nilikuwa nimefika hapa, nikitafuta namna ya kufunga barua bila uongo, simu ilipolia.

Nimerudi.

Alikuwa shosho wako.

"Maitu," akasema.

Nikakaa. "Ndiyo, mama."

"Huyu mtoto amenionyesha picha. Moja moja. Mpaka macho yangu imechoka."

"Pole, mama."

"Wacha pole. Ameniambia hizo zingine ni mashine ilitengeneza, na alijua, na akanyamaza. Nimemgombeza. Hukuwa unacheka."

"Hapana."

"Ulikuwa umekasirika. Ulirusha hiyo mchanga kama mtu anafukuza ng'ombe kwa shamba." Nyuma yake nilikusikia ukicheka, kisha nikasikia mtu akipenga kamasi.

"Nilikuwa nimekasirika, mama."

"Hata mimi. Nilimwambia hiyo mlima itamkula, akanicheka. Nikiona wewe unacheka, nikapata mtu wa kukasirikia. Mtoto wangu singeweza. Alikuwa ameshalala."

Nikauliza kuhusu Wangeci.

"Ako hapa. Anasema yeye alikuwa anauliza tu."

"Aendelee kuuliza," nikasema, na shosho wako akacheka kicheko chake cha zamani, kile cha puani. Kisha akasema, "Kesho usipeleke begi stendi. Ilete hapa. Na chai utapika wewe, hawa wasichana wanaweka majani kidogo, inakuwa kama maji ya mvua."

Basi ulisema. Miezi mitano umechelewa, na ulisema nikiwa nimeshakata tamaa. Usidhani hasira imekwisha. Kwa Wangeci bado inachemka, na kwako imepungua kwa kiasi ambacho bado sijakipima. Kwa baba yako sijui itaisha lini. Lakini nilikuwa nimeketi hapa nikijaza picha za jioni yako huko Gakindu, ukila, ukiaga, ukinyamaza, na zote zilikuwa za uongo. Nimefanya tena. Nimefanya ndani ya barua hii hii.

Kwa hiyo nitakuja kesho mapema, nami nitakupa barua hii mkononi kabla ya chai. Ukimaliza kuisoma, acha kamera zote ndani ya begi, hata ya simu. Tutapita katikati ya mibuni hadi kaburini. Nyasi zimeota, najua, na sijui kama desturi inaruhusu jambo hili baada ya miezi saba. Tutamuuliza shosho wako, na akikataa nitabishana naye. Utachota udongo kwa mkono wako mwenyewe. Uutupe au uurushe, utakavyoona. Kaa hapo utakavyotaka kukaa. Gari la Eldoret likituacha, lituache. Nitasimama kando yako, mahali nilipopaswa kusimama siku ile.

Mami